Kabla ya kufungua boneti, lala chini ya gari

Kisiwani gari haiuliwi na kilomita. Urefu wa Unguja ni kilomita 85 hivi, na mtu anayekaa Fuoni akafanya kazi Malindi ya mjini Zanzibar anaweza kwenda na kurudi wiki nzima asifikie masafa ya safari moja ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Ndiyo maana dalali akinisifia gari kwamba imetembea elfu sitini tu, simsikilizi sana. Kinachoimaliza gari kwetu ni miaka na chumvi, na vyote viwili havisomeki kwenye dashibodi.

Nayasema haya kwa sababu watu hunipigia: wanataka saluni kubwa, ile gari ya chini yenye buti nyuma, ya kukaa nayo, si ya kununua mwaka huu na kuiuza mwakani. Crown, Mark X, Mark II na Brevis za Toyota, au Teana ya Nissan, niwaambie ipi. Jibu langu huwaudhi, maana sianzi na jina la gari. Naanza na kutu.

Lakini kwanza niseme kwa nini saluni, maana siku hizi kila aliyepata pesa kidogo macho yake yako kwenye gari za juu. Kwetu anayeamua gari ni bi mkubwa, na bi mkubwa ana magoti. Kupanda Prado kwake ni mpaka ashikwe mkono, buibui likusanywe, atafutiwe pa kukanyaga. Saluni anaikalia kitako kwanza, halafu anageuza miguu ndani, basi. Barabara nyingi za ndani zimetiwa lami miaka ya karibuni, kwa hivyo ile hoja ya kwamba bila gari ya juu hufiki shamba imepungua nguvu. Haijaisha. Kama nyumba yako iko kwenye mawe kule upande wa Makunduchi na njia ya kuifikia haijaguswa, nunua unachokijua, haya ninayoyasema hayakuhusu.

Sasa kutu. Gari zetu nyingi zinatoka Japani, na watu wanasahau kwamba Japani nako kuna chumvi. Hokkaido na mikoa ya kaskazini, wakati wa theluji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyayuke. Gari iliyopitisha misimu kadhaa kule inakuja na kutu yake tayari, sisi tunaipokea na kuiongezea upepo wa bahari. Karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi gari inapouzwa mnadani Japani, hulionesha hilo kwa anayeisoma. Wengi hutazama alama kubwa tu, 4 au 4.5, wakatosheka. Itazame michoro ya gari iliyo kwenye karatasi hiyo: herufi S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, W ni pahala palipogongwa pakanyooshwa. Gari iliyopewa R au RA badala ya namba ni gari iliyotengenezwa baada ya ajali. Muuzaji akisema karatasi imepotea, basi na wewe potea.

Kwa gari iliyokwisha kufika na kutembea hapa, karatasi haisaidii tena. Kinachosaidia ni tochi na bisibisi. Mimi huomba gari inyanyuliwe, iwekewe stendi (usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata uapiwe vipi), halafu naingia. Pa kwanza ni pale jeki inapokaa, kwenye kingo za chini ya milango. Nagonga kwa kitako cha bisibisi. Pakilia bati, naendelea. Pakibonyea na unga mwekundu ukaniangukia usoni, ukaguzi umekwisha, najipangusa, naaga. Baada ya hapo natazama fremu inayobeba injini, maungio ya shokapu za nyuma na mabomba ya breki. Kisha vile vitundu vya chini ya milango, vya kutolea maji: vikizibwa na vumbi na majani, maji ya mvua hulala ndani ya mlango na kuula kutoka ndani huku wewe unaisifu rangi kwa nje. Mwisho nanyanyua zulia la buti, nalitoa tairi la spea. Pakiwa na maji pale chini, mipira ya taa za nyuma imekwisha, na bati lake linaelekea huko huko.

Na ukikuta chini kote kumepigwa rangi nyeusi mpya inayong'aa, shuku. Rangi ile juu ya bati safi ni kinga. Juu ya kutu inafungia unyevu tu, na kutu inaendelea kwa raha zake.

Watu hunambia, mbona unahangaika na bodi, tazama injini! Injini hubadilishwa. Mtu hununua injini iliyotumika, fundi akaishusha ya zamani akaipandisha nyingine, na wiki ijayo uko barabarani. Bodi iliyooza utaichomelea, utaitia faila ya kuziba, utaipaka rangi, na masika ijayo utairudia.

Chini kukiwa salama ndipo nafungua boneti, na hapo nina msimamo ambao wenye Mark X hawaupendi. Mark X ya kwanza, ya 2004 hadi 2009, na Crown ya 2003 hadi 2008, ile wanayoiita Zero Crown, kwa sehemu kubwa zinatumia injini za V6 za 4GR-FSE, lita 2.5, na 3GR-FSE, lita 3.0. Zitazame herufi za mwisho. FSE maana yake petroli inapulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, mfumo ambao mafundi wetu wanauita D4. Kwenye injini ya kawaida petroli hupita juu ya vali za kuingizia hewa na kuziosha. Kwenye D4 haipiti hapo, kwa hivyo mvuke wa oili unaorudi ndani huganda kwenye vali, ukawa masizi magumu. Safari fupi, ambapo injini inazimwa kabla haijapata moto sawasawa, huzidisha jambo hilo. Na maisha ya mjini kwetu ni nini kama si safari fupi za foleni: Fuoni, Mwanakwerekwe, Darajani, rudi nyumbani. Tena 4GR inajulikana kwa kula oili umri ukishasogea.

Simwambii mtu ni injini mbovu. Ina nguvu, imetulia, na inatumia cheni badala ya mkanda wa taiming. Ila kukaa nayo miaka kumi hapa kunataka uwe na fundi anayeweza kuivua manifoldi, bomba la kuingizia hewa, na kuzisafisha vali, na awe hajahamia Dar. Anayeitaka V6 kweli kweli, na mfuko unamruhusu, atafute Mark X ya pili yenye 2GR-FSE, lita 3.5, namba ya chasisi inaanza na GRX133. Hiyo ina nozeli za petroli za aina mbili, za ndani ya silinda na za kwenye njia ya hewa, kwa hivyo vali zinaoshwa. Halafu kila mwezi ZURA, mamlaka inayodhibiti mafuta Zanzibar, ikitangaza bei ya mafuta atakuwa wa kwanza kuisoma.

Chaguo la moyo wangu ni la zamani zaidi: Crown ya 1999 hadi 2003 au Mark II ya 2000 hadi 2004, zenye 1G-FE, lita 2.0, silinda sita kwenye mstari mmoja. Chasisi inakwambia: GS171 ni Crown, GX110 ni Mark II. Ukikuta chasisi inaanza na JZ, uliza kama injini ni 1JZ-GE au 1JZ-FSE, maana FSE hapo nayo ni D4. Brevis nyingi, za 2.5 na za 3.0, ziko kwenye ukoo huo wa FSE. 1G haina mbio, na ukijaza watu watano na mizigo ya harusi utaisikia inalalamika. Lakini inazunguka kwa upole, petroli yake inapita njia ya kawaida, na hutahangaika kumtafuta fundi aliyewahi kuifungua. Kitu kimoja tu: ina mkanda wa taiming, wa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Hapo ndipo kilomita zinapotudanganya tena. Gari ya miaka zaidi ya 20 yenye kilomita 80,000 ina mpira wa miaka hiyo hiyo. Badilisha mkanda wiki ya kwanza, pamoja na pampu ya maji, na usimwulize aliyekuuzia.

Utasema, gari ya 2002, na unataka nikae nayo miaka kumi mingine? Ndiyo, kama chini ni safi. Na zilizo safi zimebaki chache, unaweza kutafuta mwaka mzima. Usiyeweza kungoja, sogea kwenye Crown haibridi iliyoingia sokoni mwisho wa 2012 na kuendelea hadi 2018, chasisi AWS210. Najua haibridi, gari za petroli na umeme pamoja, zinatisha watu. Mimi hii hainitishi. Injini yake, 2AR-FSE ya lita 2.5, silinda nne, pamoja na hiyo FSE yake ina nozeli za aina mbili, na foleni ya Darajani ndiko haibridi inakostarehe, kwa sababu inapotambaa injini huwa imezimika. Betri yake kubwa hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, huko kwenye kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mikoba, au likajaa vumbi, betri inachemka na umri wake unakatika. Lisafishe, na ukae na AC. Akiba ya betri iweke mapema, kidogo kidogo, usije ukashtukizwa.

Teana naipenda kukaliwa, viti vyake ni makochi. Lakini kuanzia ile ya 2008 giaboksi ni CVT, ya otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, inataka oili yake maalumu ya Nissan, na nimeona gereji ikimimina ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, iliyokuwepo rafuni. Kama huwezi kusimama pale na kuitazama chupa, iache. Crown Majesta nyingi zina shokapu za upepo. Zikichoka gari inalala chini asubuhi, na spea yake si ya kuipata Mwanakwerekwe. Mercedes W210? Kutu ilikuwa sifa yake hata huko Ulaya.

Kuhusu raha, watu wananunua Crown toleo la Athlete kwa sababu ya sura. Kwenye Zero Crown, Athlete ina shokapu ngumu na rimu za inchi 18 zenye tairi nyembamba, Royal Saloon ina shokapu laini na rimu za 16 zenye tairi nene. Kwa matuta yetu, kila baada ya skuli tuta, kila baada ya msikiti tuta, Royal Saloon ndiyo gari. Ukishapata Athlete kwa bei nzuri, uza rimu zake, tia za 16 kama zinaingia kwenye breki. Halafu bushi. Gari kubwa ikianza kugonga gonga watu hukimbilia shokapu, kumbe ni bushi za mpira zilizokauka kwa miaka. Badilisha zote kwa pamoja na bi mkubwa ataacha kusema "taratibu baba" kila tuta.

AC ijaribu saa saba ya mchana, wakati wa kaskazi, gari imesimama. Ikipoza hapo, itapoza kila pahala. Kondensa ya AC iko mbele kabisa ya rejeta na ndiyo inayokula upepo wa chumvi mwanzo, kwa hivyo mapezi yake yatazame kwa tochi, yakipukutika ukiyagusa kuna gharama inakuja.

Kuitunza si kazi kubwa. Oili badilisha kwa miezi, si kwa kilomita, maana kilomita zetu hazifiki. Mimi kila miezi sita. Chini osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, khasa ukitoka Paje au Jambiani. Ila angalia maji yenyewe: visima vingi vya pwani ya mashariki vina chumvi, na kijana anayekuoshea gari kwa maji yale anakupaka kile kile ulichotaka kukitoa. Maji hayo yasiingie kwenye rejeta abadan. Rejeta za siku hizi ni za aluminiamu, zinatoboka. Tia kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, na dumu la akiba liwe kwenye buti, ili siku ya dharura asije mtu na ndoo.

Kwa walioko Pemba nabadilisha ushauri kidogo. Kule ni kupanda na kushuka, breki zinafanya kazi zaidi kuliko huku Unguja, kwa hivyo oili ya breki usiisahau. Na spea nyingi zinangoja meli. Gari nzuri peke yake Wete nzima ni gari itakayolala wiki mbili kwa sababu ya sensa moja. Tembea Chake, tembea Wete, tazama mafundi wanafungua gari gani kila siku, ununue hiyo. Kama jirani ana GX110, nunua GX110, hata kama roho inataka Crown. Siku alternata yako ikifa Ijumaa na wewe una harusi Mkoani Jumamosi, utamwazima yake.