Wakili akikupa hela ya unga, kosa liko wapi?

Huku Marekani wakili anaweza kukutangulizia maelfu ya dola ya kumlipa daktari aje kutoa ushahidi, na kesi ikishindwa asikudai. Lakini akikupa hela ya unga wakati kesi inaendelea, katika majimbo mengi amevunja maadili ya kazi yake. Mimi ni mkalimani, na wengi ninaowatafsiria walipitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule kwetu Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania. Kuwaeleza jambo hili kwa Kiswahili kikaeleweka ni shughuli!

Katazo liko kwenye kanuni ya 1.8(e) ya kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha Marekani, ambazo majimbo huziiga. Hofu yao ni kwamba mawakili watagombania wateja kwa pesa, na aliyekwisha kukopesha ataiwazia hela yake kabla ya haki yako. Hofu hiyo naielewa. Ila kampuni ya bima inayodaiwa fidia haina haraka. Aliyevunjika mguu anadaiwa kodi ya nyumba, mwisho anakubali fidia kiduchu.

Kwetu Kigoma shida hiyo hiyo ina ukoo nyuma yake. Kabla mkoa haujapata Mahakama Kuu yake, rufaa ilimaanisha kupanda treni hadi Tabora, na katika kesi ya madai ni wewe unayewasafirisha mashahidi wako na kuwalisha. Watu walichanga, mbuzi wakauzwa. Mkimbizi aliyefikia Ohio hana wa kumchangia. Pengine mtu pekee mwenye fedha anayemfahamu ni huyo huyo wakili aliyefungwa mikono.

Agosti 2020 Chama cha Mawakili kililegeza kidogo: wakili anayemtetea fukara bila malipo anaweza kumpa zawadi ndogo ya chakula, kodi, nauli au dawa, mradi asiitangaze wala asitarajie kurudishiwa. Bado kila jimbo linaamua lenyewe. Texas inaruhusu mawakili kutanguliza hata matibabu na matumizi ya lazima, na sijasikia kwamba mahakama za Houston zimeporomoka.

Nyumbani tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wanafanya kazi nzuri. Lakini shahidi wa Kibondo bado anahitaji nauli ya basi kufika Kigoma mjini, na ukoo nao unachoka. Ningependa nauli hiyo itengewe fungu kwenye msaada wenyewe, mtu asaini, risiti iwekwe kwenye faili.