Nafasi Yangu Ilikuwa Chini ya Sufuria

Mkazi wa Dar es Salaam aliyeandikishwa kupiga kura mwaka 2015 hahitaji kuelezwa maana ya kupanga foleni kwa jiwe. Uandikishaji kwa mashine za BVR, zile zinazochukua alama za vidole na picha ya mpiga kura, ulianzia Makambako, mkoani Njombe, mwezi Februari, na kwa kuwa mashine zilikuwa chache na zilihamishwa kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, kazi ilisuasua hata Kura ya Maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyokuwa imepangwa kufanyika Aprili 30, ikaahirishwa. Zilipotufikia sisi mwezi Julai, kila mtaa ulikuwa umekwisha kusikia habari za mashine zinazogoma, na kila mtu alikuwa ameazimia kuandikishwa kabla ya yake haijagoma. Watu wakaanza kulala vituoni, na tulioshindwa kulala huko tukaacha mawe.

Kituo chetu kilikuwa katika uwanja wa shule ya msingi, huko Mbagala. Utaratibu wa mawe haukuwamo katika kanuni yoyote ya uchaguzi, lakini uliheshimiwa kuliko kanuni zenyewe. Mtu alifika jioni, akaandika jina lake kwa chaki, akaliweka jiwe nyuma ya jiwe la mwisho, kisha akaenda zake kulala. Msimamizi alikuwa mzee mmoja mstaafu ambaye hakuteuliwa na yeyote, mwenye daftari la mistari na kalamu mbili mfukoni, na ambaye hakuna aliyethubutu kumpita bila shikamoo. Jiwe langu nililichagua kwa makini: lilikuwa zito, bapa juu na chini, lisiloyumba hata likipigwa teke. Kumbe sifa hizo hizo ndizo anazozitafuta mtu anayepungukiwa na figa moja.

Niliporudi alfajiri, jiwe langu halikuwapo. Lililokuwa mbele yake lilikuwapo, kandambili iliyokuwa nyuma yake ilikuwapo, na baina ya viwili hivyo palikuwa na upenyo mdogo uliokuwa ukizibwa polepole na watu wasionitazama usoni. Majirani zangu wa foleni, ambao jioni iliyotangulia tulipiga soga za mpira mpaka giza likaingia, walikuwa wamenisahau kabisa.

"Mwanangu," mzee aliniambia, baada ya kupekua daftari lake kwa muda mrefu, "jina lako ninaliona, lakini foleni hii ni ya mawe. Asiye na jiwe hana nafasi."

Nililikuta chini ya mwembe. Mama ntilie aliyekuwa amewahi kuja kuwauzia chai na supu watu wa foleni alikuwa amelitia jikoni pamoja na mafiga yake mawili, na juu yake ilikuwa imekaa sufuria kubwa inayotokota. Nusu ya jina langu ilikuwa imemezwa na masizi, lakini nusu nyingine ilisomeka vizuri kabisa kwa upande wa nje.

"Shikamoo, mama. Samahani, nafasi yangu iko chini ya sufuria yako."

"Marahaba, baba. Ngoja kwanza supu iive."

Nilipomuuliza itaiva saa ngapi, alinijibu kwa neno moja tu: "Makongoro." Aliyewahi kupika makongoro atafahamu kwamba nilikuwa nimeambiwa nirudi mchana.

Hapo ukazuka mjadala ambao naamini ulikuwa wa kina kuliko mingi niliyoisikia katika kampeni za mwaka ule. Kijana mmoja alishikilia kwamba nafasi hufuata jiwe, kwa hiyo foleni yote ihamie jikoni na ianze kuhesabiwa pale. Mwingine alidai kwamba jiwe likishaingia katika biashara huwa limejiuzulu utumishi wa foleni. Walioagiza supu walikuwa upande wa mama ntilie bila kutoa hoja yoyote. Mzee aliwasikiliza wote, akafunga daftari, akaamua kwamba jiwe liletwe mbele yake alione kwa macho yake.

Palipatikana kipande cha tofali kwenye bustani ya shule. Vijana wawili waliinyanyua sufuria kwa matambara, mama ntilie akasogeza kuni huku akilalamika kwamba serikali imeingia mpaka jikoni, nami nikainama na kulichukua jiwe langu kwa mikono miwili. Jiwe halibadiliki rangi likipata moto. Lilikuwa la kijivu lilipokuwa baridi, na lilikuwa la kijivu vile vile nilipolikumbatia kwa vidole vyote, na kwa kuwa foleni nzima ilikuwa inanitazama nililibeba mpaka penye upenyo, nikalitua, ndipo nikakimbilia ndoo ya kuoshea vyombo. Mzee alisoma jina, akalilinganisha na la daftarini, akasema, "Sawa."

Zamu yangu ilipofika, malengelenge yalikuwa yamekwisha kutuna. Fomu ilijazwa bila tatizo. Kijana wa mashine akaniambia niweke vidole juu ya kioo. Mashine ikakataa. Akakipangusa kioo, akavipangusa na vidole vyangu, mashine ikakataa tena. Akanieleza kwa upole kwamba wengi hushindwa kwa sababu hawakandamizi vya kutosha, na ili kunisaidia akaweka kiganja chake juu ya vidole vyangu na kukandamiza mwenyewe. Wakati huo huo mwenzake aliniita, "Kaka, tazama kamera, usicheke."

Sikucheka. Vidole vilivyosomeka vilisomeka, vingine vikaandikwa kuwa vina majeraha, na kadi ikachapishwa papo hapo. Katika picha, jicho moja limefumba, jingine linataka kutoka, na mdomo umefunguka mpaka magego yanaonekana. Niliomba nipigwe nyingine, lakini nyuma yangu mzee alikuwa amekwisha kuita, "Anayefuata!" Nikakabidhiwa kadi ikiwa bado ya moto.

Siku ya kupiga kura, Oktoba 25, wakala wa chama kimoja aliitazama kadi, akanitazama mimi, akaweka pingamizi kwamba huyu siye. Wakala wa chama pinzani akamuunga mkono, jambo ambalo, kwa maelezo ya karani, halikuwa limetokea tangu kituo kifunguliwe saa 1 asubuhi. Msimamizi wa kituo aliniomba, kwa heshima zote, niigize ile picha. Nikafumba jicho moja, nikatoa jingine, nikaachama. "Ndiye!" mawakala wote wakasema kwa pamoja, nami nikapewa karatasi zangu tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, na mwishowe nikachovywa wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho kwa bahati kilikuwa kimekwisha kupona.

Daftari la wapiga kura lilipoboreshwa kabla ya uchaguzi wa 2020 nilikwenda kuomba picha mpya. Karani alinieleza kwamba wanaohudumiwa ni waliofikisha umri, waliohama, waliopoteza kadi au zao zimeharibika, na wenye taarifa zenye makosa. Aliitazama picha yangu kwa muda, akawaita wenzake wawili nao waitazame, kisha akanirudishia na kusema kwamba taarifa zote ni sahihi. Tangu hapo nimekuwa nikiisahau kadi hiyo kwenye daladala kila ninapopata nafasi, lakini sura ile imekwisha kujulikana Mbagala nzima, na kila anayeiokota huniletea mpaka mlangoni.