Nilivyookotwa na Gari la Mwisho

Tarehe 2 Oktoba 2021, wanawake walipewa kwa mara ya kwanza nafasi ya kushindana katika Paris–Roubaix, mbio za baiskeli za siku moja kaskazini mwa Ufaransa ambazo wanaume walizianza mwaka 1896, nami nilikuwa nimesimama kando ya njia ya mawe ya Carrefour de l'Arbre. Mawe ya huko hayakupangwa kwa ajili ya kumfurahisha mtu: yamechongoka, yameachana, na siku ile yalikuwa yamepakwa tope jembamba lililoteleza kama bamia.

Lizzie Deignan wa Uingereza alitutokea akiwa peke yake. Alikuwa amechomoka kundini kabla hata ya kipande cha kwanza cha mawe, zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 80 kati ya 116, jambo ambalo kwa hesabu za kawaida ni wendawazimu, kwa kuwa aliyetangulia hukabili upepo bila msaada ilhali wanaomfukuza hupokezana zamu. Alipita bila glavu mikononi, gurudumu la nyuma likitaka kwenda kwake, sisi tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Marianne Vos alimfuata, kisha vikaja vikundi vidogo vya waliochafuka kiasi cha kutotambulika timu zao.

Hapo ndipo pikipiki ya msafara ilipotusogelea, nami nikarudi nyuma kuipisha. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, lakini wahenga hawakufika Carrefour de l'Arbre. Nilitumbukia mtaroni chali, na katika kujaribu kuinuka nikarudi humo humo kifudifudi. Kwa bahati yangu, wakati huo huo waendeshaji wawili waligongana mbele yetu wakaanguka, na watazamaji walipokimbia kuwasaidia walikuta majeruhi watatu.

Mzee mmoja alinivuta kwa mikono miwili na kunipangusa uso kwa pembe ya bendera yake. Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu na shukrani, basi nikamshukuru, naye akaona huo ni unyenyekevu wa mwanamichezo, akaniambia jambo refu lililomtoa machozi. Koti na suruali yangu ya kubana vilikuwa vyeusi, tope likamalizia kazi. Kijana mmoja alishuka mtaroni na fimbo kuitafuta baiskeli yangu, na kwa bidii aliyokuwa nayo nilianza kuamini kwamba ataipata.

Likafika gari la mwisho, lile linalowachukua wanaoshindwa kuendelea. Anayepanda humo huvuliwa namba yake ya mgongoni, hivyo msimamizi alinigeuza kwa upole, akapapasa, akakuta tope tu, akatikisa kichwa kwa huruma, akanifunika blanketi na kunipakia.

Ndani alikuwamo mwendeshaji wa kweli, kifundo cha mkono kimevimba. Alinitazama kuanzia nywele akishuka polepole, macho yakagota miguuni, na kwa Kiingereza akaniuliza ni timu gani siku hizi inayoshindana na gambuti. Nilimweleza ukweli wote. Alicheka hadi akaushika mkono wake kwa maumivu, halafu akanisihi nisimwambie dereva, maana nje kulikuwa na baridi na hakuona sababu ya mtu kushushwa shambani kwa kosa la kukosa baiskeli.

Tulipoingia Roubaix, Deignan alikwisha shinda, Vos akiwa nyuma yake kwa dakika 1 na sekunde 17, na watu walisimulia damu iliyoonekana kwenye usukani wa Deignan. Tuliposhuka tukapigiwa makofi ambayo, nasema bila haya, niliyapungia mkono. Mhudumu aliyekuwa na orodha alinisimamisha kuniuliza namba. Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu akamjibu kwa uso mkavu kwamba imebaki mtaroni pamoja na baiskeli, na kwamba kuna kijana anaitafuta.