Kiongozi Anapokaa Mezani, Mwili Wake Ndio wa Kwanza Kusomwa

Mafunzo mengi ya uongozi huinadi lugha ya mwili kama ufunguo wa siri za watu: aliyekunja mikono kifuani amekataa, aliyegusa pua anadanganya, anayekwepa macho ana jambo analolificha. Naona ahadi hiyo imetiwa chumvi kupita kiasi, na kiongozi anayeiamini akiwa katika majadiliano ya mkataba, mishahara au bajeti anaweza kuingia hasara ambayo angeiepuka kwa kusikiliza tu. Stadi hii ina manufaa, tena makubwa, lakini yapo zaidi katika kuutawala mwili wako mwenyewe kuliko katika kumchungulia mwenzako.

Hebu tuanze na ile takwimu inayorudiwa katika kila ukumbi wa semina, kwamba asilimia 7 tu ya mawasiliano ni maneno, 38 ni sauti na 55 ni uso. Chanzo chake ni majaribio ambayo mwanasaikolojia Albert Mehrabian na wenzake waliyachapisha mwaka 1967, na majaribio hayo yalihusu jambo finyu sana: jinsi mtu anavyokisia hisia za msemaji anapolisikia neno mojamoja likitamkwa kwa sauti mbalimbali, au anapoiona picha ya uso unaopingana na sauti hiyo. Mehrabian mwenyewe ameeleza kuwa hesabu zake hazihusu mazungumzo ya kila aina. Mtu anapokuambia kwamba atalipa kwa awamu mbili na si tatu, maneno yake ndiyo yaliyobeba habari yote, na kiongozi anayekodolea macho nyusi huku kifungu cha malipo kinampita ataujua ukweli siku ya kudaiwa.

Kuhusu kuwatambua waongo, hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa kwa miaka mingi, wakakuta kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54, yaani wanawazidi kidogo tu wale wanaokisia kwa kurusha sarafu. Marekani ilitumia mamia ya mamilioni ya dola kuwafundisha maofisa wa viwanja vya ndege kuwabaini watu hatari kwa kuitazama mienendo yao, na mwaka 2013 ofisi ya ukaguzi inayoripoti kwa Bunge la nchi hiyo ikapendekeza fedha hizo zipunguzwe kwa sababu ushahidi wa kwamba mbinu hiyo inafanya kazi haukuonekana. Ikiwa watu waliofunzwa kwa kazi hiyo walishindwa kuonyesha matokeo, sijui kwa nini meneja aliyehudhuria semina ya siku moja ajione ana jicho kali zaidi.

Kiongozi ana tatizo la ziada, nalo ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa sababu walimu wa stadi hizi hulipita haraka. Cheo chake kinaharibu kile anachojaribu kukisoma. Mfanyakazi anayeomba nyongeza mbele ya mkurugenzi atameza mate, atazichezea karatasi zake na sauti itamkauka, na yote hayo yatatokea hata kama kila analolisema ni kweli tupu. Msambazaji mdogo anayetegemea zabuni moja kuendesha biashara yake atatokwa na jasho anapotaja bei ya haki. Katika jamii nyingi, kutazama chini mbele ya mkubwa ni adabu, na anayemkazia macho ndiye anayehesabiwa kuwa hana malezi. Hivyo basi, kiongozi anayezichukulia dalili hizi kuwa ushahidi wa hila anausoma woga alioupanda yeye mwenyewe alipoingia chumbani, kisha anamwadhibu mwenzake kwa woga huohuo. Anayetaka kuambiwa ukweli aanze kwa kuuondoa woga: asimwache mgeni amesimama huku yeye ameketi, asijifiche nyuma ya meza kubwa, aketi kwa pembe badala ya kuelekezana uso kwa uso kama mahakamani, na simu aiweke mahali isipoonekana. Hapo ndipo mabadiliko katika mwili wa mwenzake yanapoanza kuwa na maana yoyote.

Nasema mabadiliko kwa makusudi. Mikono iliyokunjwa tangu mwanzo wa kikao haielezi kitu. Huenda chumba ni baridi au mtu ndivyo alivyozoea. Linalostahili kuangaliwa ni kile kinachobadilika jambo fulani linapotajwa, na ndiyo maana dakika za mwanzo za salamu na mazungumzo mepesi si za kupotezwa, kwani ndizo zinazokuonyesha mtu alivyo anapokuwa ametulia. Ukishamjua hivyo, itazame sekunde moja ile ambayo kiasi cha fedha kinatajwa kwa mara ya kwanza. Kalamu iliyokuwa ikiandika husimama. Aliyekuwa ameegemea kiti huinuka. Zaidi ya yote, macho ya ujumbe wa upande wa pili humkimbilia mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo si yule aliyekuwa akizungumza muda wote. Pengine ni mhasibu aliyekaa pembeni bila kusema neno. Mtazamo huo mfupi umekuambia nani anayeamua, habari ambayo ni ya thamani kuliko kujua kama mtu ana wasiwasi. Hata hivyo, alama hiyo usiifanye hukumu, bali ifanye swali: "Naona kipengele cha muda wa kukabidhi kazi kimewagusa, tukizungumzie kidogo." Kama umekosea, mwenzako atakusahihisha na hakuna kilichoharibika.

Turudi sasa kwenye mwili wa kiongozi mwenyewe. Wapo waliougeuza kuwa silaha. Lyndon Johnson alipokuwa kiongozi wa Seneti ya Marekani alijulikana kwa kuutumia urefu wake kuwainamia wenzake mpaka wakapinda mgongo nyuma, na picha za mwaka 1957 zinamwonyesha akimfanyia hivyo Seneta Theodore Green. Mwaka 2007, mjini Sochi, Rais Vladimir Putin wa Urusi alimpokea Angela Merkel, aliyekuwa Kansela wa Ujerumani, huku mbwa wake mkubwa akizunguka chumbani, ilhali Merkel aliwahi kuumwa na mbwa miaka kadhaa kabla. Putin alisema baadaye kuwa hakujua. Picha zinamwonyesha Merkel akiwa ameketi, midomo ameibana, hakuinuka wala hakukatisha kikao. Mimi namsifu aliyeketi. Anayeshinda kwa kutisha hupata saini, lakini aliyetishwa hutafuta mwanya wa kujinasua mara tu anapotoka mlangoni, na kiongozi huhitaji mkataba utakaotekelezwa hata asipokuwapo.

Kosa la kawaida zaidi si vitisho bali kuitikia kwa kichwa ovyo. Viongozi wengi hutikisa kichwa juu chini kuonyesha kwamba wanasikiliza, na upande wa pili hutafsiri kuwa bei imekubaliwa. Baadaye kiongozi anapokataa anaonekana kigeugeu. Afadhali kichwa kitulie, mikono ionekane juu ya meza, na ukubali kwa maneno pale tu unapokubali kweli. Ukimya nao ni sehemu ya mwili. Jared Curhan na wenzake walichapisha mwaka 2021 utafiti ulioonyesha kwamba kunyamaza kwa sekunde 3 au zaidi katikati ya majadiliano huwasaidia watu kufikiri kwa kina na kupata mapatano yenye faida kwa pande zote mbili. Tatizo ni kwamba sekunde 3 za ukimya huonekana ndefu mno kwa mtu aliyezoea kusikilizwa, naye huvunja ukimya kwa kupunguza bei yake mwenyewe kabla hata hajaombwa.

Ule ushauri wa kusimama kwa kutanua mikono kabla ya kikao ili homoni za ujasiri zipande unaweza kuachwa. Utafiti wa mwaka 2010 uliouanzisha ulihusu watu 42 tu, wengine waliourudia mwaka 2015 kwa kundi kubwa zaidi hawakuyaona mabadiliko hayo ya homoni, na mwaka uliofuata Dana Carney, mmoja wa waandishi wake, akatangaza kwamba haamini tena kuwa athari hiyo ni ya kweli. Ukijisikia vizuri kwa kujinyoosha, jinyooshe, ila hesabu zako za bei ndizo zitakazokupa ujasiri.

Ningemshauri pia kiongozi asijaribu kuzungumza na kutazama kwa wakati mmoja, maana hakuna anayeyaweza yote mawili vizuri. Achague mwenzake mmoja asiye na jukumu la kusema, akae pembeni, aandike ni jambo gani lililotajwa wakati upande wa pili ulipobadilika, na wakati wa mapumziko walinganishe alichokiona na kile kilichosemwa. Mwenzake huyo aruhusiwe pia kusema kiongozi wake mwenyewe alifanya nini na uso wake bei ilipotajwa.