Sijalia, ni oili iliingia jichoni

Naona yule mwanangu keshatangaza mtaa mzima kwamba nimelia pwani. Sijalia jamani. Oili iliingia jichoni. Sikieni kwa mwenyewe kabla haijafika kwa wakwe.

Ile mashine ya boti ya mjomba, Yamaha 15, ukifungua skrubu ya chini ya mguu ilikuwa inatoka chai ya maziwa, na oili ya gia ikishakuwa nyeupe ujue maji yameingia, gia zinaliwa na kutu kimyakimya. Nikamwambia mjomba fundi wa nini, pesa ya nini, mi si nipo. (Cheti changu ni YouTube na kujiamini.)

Na ugonjwa niliujua kabisa, maana nilipochomoa pangaboi nikakuta mshipi umejisokota kwenye shafti mpaka umekata sili inayozuia maji. Ningebadilisha tu yakaisha. Lakini hapana, nikataka kuwaonesha watu utaalamu: unajaza upepo kidogo, kama psi 10 hivi, unapaka povu la sabuni unaona panapovujia. Pampu yenyewe ya baiskeli ile ya mguu, geji haina. Mpira wa pampu nimeukaza tundu la chini kwa kipande cha tyubu, oili ndani sijaimwaga yote, wosha mpya za skrubu, za kuzuia maji yasipite, nimezitia mfukoni zisipotee. Mfuko wa kanzu. Kanzu nyeupe, Ijumaa, nilikuwa napita tu kwenda msikitini, sijui nani alinituma.

Mwanangu akakanyaga pampu. Mjomba akasema taratibu. Akakanyaga tena. Povu likaanza kuchezacheza pale kwenye shafti, kadogo, kama kaa anapumua mchangani. Nikachuchumaa, nikasogeza uso karibu kabisa, nikafungua mdomo kuita "njooni muone ha—" na huyu bwana akashuka na mguu wote. Pwiii. Ule mpira niliuona unachomoka, wallahi niliuona, hata muda wa kufumba mdomo nilikuwa nao ila sikuutumia. Chai yote ya maziwa ikaja: mdomoni, jichoni, kifuani, hadi kofia. Harufu ya oili ya gia mnaijua? Yai viza limekaangwa kwenye tairi. Mama ntilie kanifuta kwa kanga huku anacheka hadi amekaa chini.

Ijumaa ikanipita. Jioni nikarudi na suruali, nikafunga sili mpya zote mbili, oili nikaijaza kutokea chini mpaka ikamwagika tundu la juu, nikaziba ya juu kwanza halafu ya chini, safi kabisa. Jumapili mjomba kaenda baharini karudi, kufungua, maziwa.

Leo asubuhi wife anafua ile kanzu mara ya tatu. "Baba Salma, hivi vipete mfukoni vya nini?"

Wosha zote mbili.

Mjomba bado hajui, yuko dukani anauliza bei ya sili. Mnaomfahamu naomba mnyamaze.