Mikono Juu au Kura ya Siri? Jinsi Vikundi vya Kisumu Vinavyofikia Uamuzi

Katika vikundi vingi vya akiba na mikopo vya Kisumu na fuo za Ziwa Victoria, fedha hutunzwa ndani ya sanduku la kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Uangalifu huo hupungua unapofika wakati wa kuamua fedha zitumikeje: mwenyekiti hueleza pendekezo, huuliza ni nani wanaoliunga mkono, mikono huinuliwa, na katibu huandika kwamba wote wamekubaliana. Wapo wanaotaka kura ya siri badala yake, na wapo wanaohofia kwamba siri itawagawanya wanachama.

Hoja ya wanaotaka kura ya siri ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Mama anayenunua omena kila alfajiri kwa mwenye mashua hawezi kumpinga mtu huyo huyo mkutanoni kwa urahisi, kwa sababu kesho yake omena huenda akauziwa mwingine. Mkono wake ukiinuka, hatujui kama ameafiki au amelinda riziki yake. Kenya nzima iliwahi kuonja hali hiyo mwaka 1988, chama tawala cha wakati huo, KANU, kilipoteua wagombea kwa mlolongo: wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya waliyemtaka, na aliyevuka asilimia 70 alihesabiwa ameshinda bila kura ya siri kufuata. Malalamiko yalikuwa mengi, na hatimaye utaratibu huo uliachwa.

Hata hivyo, karatasi ya siri haielezi sababu. Mwanachama akiomba mkopo, huenda mmoja tu kati ya waliohudhuria ndiye anayejua kwamba ana deni katika kikundi kingine, na habari hiyo haina faida ikibaki moyoni mwake. Vilevile, aliyeahidi mchango mbele ya wenzake huona haya kuukwepa, na haya hiyo ndiyo dhamana kubwa ya vikundi visivyo na hati za mali.

Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walikisia uzito wa nyama ya ng'ombe mmoja, kila mtu kwenye karatasi yake. Mwanasayansi Francis Galton alizichambua karatasi 787 zilizosomeka, akakuta kisio la katikati ni ratili 1,207, ilhali uzito halisi ulikuwa 1,198. Ni kweli kwamba uzito hauna ugomvi wa maslahi, kwa hiyo mfano huu hautatui kila jambo la kikundi. Unachoonyesha ni thamani ya kila mtu kufikiri kabla ya kusikia wenzake.

Kwa maoni yangu, mvutano huu umesahau swali la mpangilio. Wanachama waandike maoni na sababu zao kabla ya mwenyekiti kusema lolote, asiyeandika asaidiwe na mtu anayemwamini, kisha katibu ayasome yote bila majina ndipo mjadala wa wazi uanze. Mikopo na michango iamuliwe hadharani, lakini uchaguzi wa viongozi, na lolote ambalo ndani yake mwanachama mmoja anamtegemea mwingine kwa chakula chake, liende kwa kura ya siri. Utaratibu huu utarefusha mkutano, na wachuuzi wanaowahi soko watalalamika kwa haki, kwa hiyo utengewe maamuzi makubwa, na katiba ya kikundi itaje ni yapi.