Kijijini kwetu kazi ipo, ujira ndio haupo

Huku Montana, jimbo la Marekani, mimi nalipwa kwa kutazama. Mama nilipomweleza kwa simu alicheka mpaka salio likaisha, kisha akapiga tena kuuliza kama nimeacha kazi ya maana.

Ndivyo ilivyo: namtazama mtu mwenye ulemavu, kisha namtafutia kazi inayomfaa. Mwaka jana nilikaa asubuhi nzima kwa watu nikimtazama kijana wa miaka 23, mwenye usonji, asiyependa kuongea. Ukimpeleka kijana yule kwenye usaili anashindwa kabla hajaketi. Kwa hiyo unaanzia kwao. Unakunywa chai na wazazi, unatembea naye uani, unaangalia anafanya nini akiachwa peke yake, nini kinamkera, wapi anachoka. Saa ya tatu hivi akafungua kopo la baba yake lililojaa skrubu na nati za kila aina, akalimwaga mezani, akaanza kuzipanga. Kwanza kwa urefu, halafu kwa meno. Kupima alikuwa anapima kwa ncha ya kidole, na nilipozikagua hakuwa amekosea hata moja.

Wiki kadhaa baadaye tulikwenda kwenye karakana ya mashine za shamba. Mwenyewe akatuwahi mlangoni kwamba nafasi hana. Tukamwambia hatukuja kuomba nafasi, tunaomba tu kuona kazi gani imelala. Kule nyuma kulikuwa na ndoo tisa za vipuri vilivyochanganyika, na mafundi wake, watu wa kulipwa vizuri, walikuwa wakiinama humo kila siku kutafuta nati moja. Leo kijana anaingia siku tatu kwa wiki. Analipwa kwa saa kama mwajiriwa mwingine yeyote, na kwenye kona yake redio haiwashwi.

Kwa lugha ya mafundi cherehani, hiyo ni kazi ya kupimwa, yaani inakatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Nafasi hiyo haikuwahi kutangazwa, wala haitatangazwa akiondoka. Sheria ya nguvukazi ya Marekani ya 2014 iliitambua ajira ya namna hii, na inaifaa zaidi sehemu isiyo na viwanda, ambako kila mwenye biashara anafanya kazi tano na tatu kati ya hizo hazimalizi.

Sasa nirudi kwetu Tanzania. Pale kijijini kulikuwa na mzee asiyesikia aliyechunga ng'ombe wa karibu nusu ya kitongoji. Alijua mnyama anayeumwa kwa kumtazama anavyokanyaga, siku mbili kabla mwenye ng'ombe hajashtuka. Hakuna mtaalamu aliyemfanyia uchunguzi. Watu walimwona, wakampa kazi iliyomkaa. Haya ya kupanga skrubu, kwetu tunayafanya tangu zamani bila kujaza fomu.

Ila mzee huyo alilipwa maziwa, shati kuukuu na sifa. Alipougua, kijana mmoja alishika zizi lile lile kwa miezi mitatu, na yeye alidai fedha kila mwisho wa mwezi akapewa bila ubishi. Nilikuwa mdogo, na sikuona ajabu yoyote. Imenibidi nivuke bahari na kumtazama mtu akipanga nati ndipo nione kwamba tulimwibia yule mzee mchana kweupe, huku tukijiita watu wenye huruma.

Sheria tunayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Vizuri. Lakini kijijini nani ameajiri watu 20? Mwenye duka anaajiri mpwa wake. Sheria hiyo inaishia barabara ya lami inapoishia. Iliyo karibu zaidi na mwanakijiji ni ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kuwa mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu. Hiyo naipenda, ila fomu inauliza mradi, na mtu anaandika kuku kwa sababu jirani yake aliandika kuku. Hakuna aliyekaa naye asubuhi nzima kumtazama. Kuku wakifa, deni linabaki.

Mtu asije akadhani huku ni peponi. Montana inakaribia ukubwa wa nusu ya Tanzania, na watu wake ni milioni moja na ushee tu. Bodaboda hakuna, na nje ya miji basi ni nadra. Mama wa yule kijana anaendesha gari kilomita arobaini kwenda, arobaini kurudi, na theluji ikikolea kijana hafiki kazini. Kwetu angefika kwa pikipiki, dereva akimtania njia nzima. Halafu kuna ile posho ya serikali kuu kwa mwenye ulemavu asiye na kipato cha kutosha. Tangu 1989 mtu asiye na mwenza haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, la sivyo posho inasimama. Kuna akaunti maalumu ya kukwepa mtego huo, lakini sharti kwanza mtu akuambie kwamba ipo. Kwa hiyo unamtafutia mtu kazi kwa jasho, halafu mzazi anakuuliza kwa wasiwasi: saa hizo hazitakuwa nyingi mno?

Mimi wageni wakiniuliza kwetu kunakosekana nini, siwaambii wataalamu. Macho ya kumwona mtu tunayo, kuliko hata huku. Tunachokwepa ni hesabu ya mwisho wa mwezi.

Juzi mama alinieleza, kwa furaha kabisa, kwamba binti wa jirani mwenye ulemavu wa akili siku hizi anasaidia kwenye mashine ya kusaga. Anashona midomo ya magunia, na uzi wake haukatiki.

"Wanamlipa?"

Kimya kidogo. "Anakula pale pale, mwanangu."

"Na yule kijana anayebeba magunia, naye anakula tu?"

Hapo hakucheka. Akasema Jumapili wakitoka kanisani atamuuliza mwenye mashine, na nisimpigie kabla ya jioni.